Baiskeli ya Marehemu Baba



Leo sikukusudia kukuandikia habari za sala wala za funga, kwani hayo masheikh wetu wamekwisha kuyaeleza na wangali wakiyaeleza. Nataka kukusimulia habari ya baiskeli. Usicheke. Nakuomba uwe na subira mpaka mwisho, kwani katika baiskeli hiyo mlikuwamo jambo ambalo huenda limo nyumbani mwako pia, ndani ya stoo au chini ya kitanda, nawe hulijui, kama mimi nilivyokuwa silijui kwa zaidi ya miaka 20.

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa chuo hapa Tanga. Siku za masomo akisomesha watoto mjini, Ngamiani. Ilipofika Alhamisi na Ijumaa, ambazo ndizo siku vyuo vinapopumzika, yeye hakupumzika. Akifunga msahafu na kanzu yake ya Ijumaa juu ya keria, akipanda baiskeli na kushika njia ya Pangani mpaka Tongoni, na mara nyingine mpaka Kigombe, akasomesha watu wazima huko, akasali nao Ijumaa, kisha akarudi. Mvua ikinyesha akirudi na matope mpaka magotini, lakini hakukosa.

Baiskeli yenyewe ilikuwa Raleigh, iliyotengenezwa katika mji wa Nottingham, Uingereza. Haikuwa ile nzito ya breki za vyuma virefu ambayo wazee wengi walikuwa nayo. Ilikuwa baiskeli ya safari, nyepesi kidogo, yenye breki za waya, tandiko la ngozi, na gia 3 zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ambacho mafundi hukiita habu. Baba akisema siku zote kwamba aliinunua mwaka wa Uhuru, yaani 1961.

Baba alifariki mwaka 1996. Aliacha mjane, ambaye ni mama yetu, na watoto wanne: mimi mwanamume peke yangu, na ndugu zangu wa kike watatu. Baiskeli niliichukua mimi. Niliipanda miaka mitatu hivi, kisha mipira ikaoza, nikaitia stoo nyuma ya magunia, na dunia ikanishughulisha.

Mwaka 2022 nilistaafu kazi. Siku moja alipita mlangoni mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Nikaikumbuka baiskeli, nikaitoa nje ili nimuuzie. Ilikuwa ya kusikitisha. Hewa ya chumvi ya pwani yetu haina huruma na chuma: ringi zilikuwa zimeshika kutu, mnyororo umekuwa kama fimbo, tandiko limekauka na kujikunja mfano wa jani la mkungu. Yule bwana alikwisha kuining'iniza kwenye mizani, na mimi nikaiona kengele, nikaipiga kwa kidole. Ililia. Sauti ile ile iliyokuwa ikitwambia Ijumaa jioni kwamba baba amefika. Nikamwambia yule bwana, “Samahani, ishushe. Haiuzwi.”

Nikaamua kuitengeneza kwa mkono wangu. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake na nguo zake mwenyewe nyumbani. Ikiwa bora wa viumbe hakuona aibu kushika sindano, mimi nani hata nione aibu kushika spana? Na zama zetu hizi ni zama za kutupa. Kitu kikilegea msumari mmoja, tunakitupa na kununua kingine, na huenda tukakopa ili tukinunue. Huo ni mlango wa israfu, nao u wazi katika nyumba nyingi.

Basi nitakueleza kwa ufupi kazi yenyewe, kwani huenda nawe una baiskeli kama hiyo, na elimu si ya kufichwa.

Kwanza niliiosha kwa maji na sabuni, nikaangalia fremu kila pembe mabomba yanapoungana, kwani fremu ikiwa na ufa, kazi yote ni bure. Ilikuwa nzima. Rangi yake nyeusi sikuigusa, ijapokuwa watu walinishauri niipige rangi mpya. Pale baba alipokuwa akifungia kamba ya msahafu rangi imelika mpaka chuma kimeonekana, nami sikutaka kufuta alama ile. Nilipaka mafuta tu ili kutu isirudi. Kutu ya juu ya vyuma vinavyong'aa niliitoa kwa karatasi ile ya aluminiamu ya kufungia chakula, nikiichovya majini na kusugua taratibu. Ilitoka vizuri kuliko kwa msasa, na haikukwaruza.

Kazi ngumu ilikuwa mikono ya pedali. Katika baiskeli hizi mkono hushikwa na pini ya chuma iliyochongwa ubavu mmoja, na pini ikikaa miaka mingi hugandamana. Wengi huipiga kwa nyundo hivi hivi, na pigo hupita mpaka ndani na kutia mashimo njia ya gololi. Nilitia mafuta, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi nikauweka mkono juu ya kipande cha bomba kilichosimama sakafuni, ili pigo lichukuliwe na bomba, nikapiga pigo moja la uhakika. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ilichukua siku tatu. Ukinunua pini mpya, chukua moja ya zamani uende nayo dukani, kwani za Kiingereza ni za milimita 9 na nusu na nyingine ni za milimita 9, na tofauti hiyo ndogo hulegeza mkono wote.

Ndani ya sehemu ile ya kati kuna gololi 11 za robo inchi kila upande. Zilikuwa zimelika, nikaweka mpya na grisi mpya. Nilitaka kubadilisha na kikombe kinachozishika, fundi jirani akanipa cha baiskeli nyingine, kikakataa kuingia. Nikajifunza kwamba Raleigh za Nottingham zina nyuzi 26 katika kila inchi, na baiskeli nyingi nyingine zina 24. Ningelazimisha ningeiharibu fremu. Nikakirudisha cha zamani, kwani kilikuwa bado kizima.

Habu ya nyuma ndiyo iliyonistaajabisha. Nilipoifuta uchafu nikaona maandishi ya Sturmey-Archer, herufi AW, na tarakimu 60. Kiwanda hicho kilikuwa kikipiga chapa ya mwaka kwenye habu zake. Basi habu ilitengenezwa 1960, na maneno ya baba kwamba aliinunua mwaka wa Uhuru yalikuwa kweli tupu. Sikuifungua ndani. Niliondoa kifuniko kidogo cha tundu la mafuta, nikatia mafuta ya taa, nikaizungusha, nikayamwaga. Nikafanya hivyo mpaka yakatoka meupe, kisha nikatia mafuta mepesi ya mashine. Usitie mafuta ya kupikia, kwani huganda kama gundi. Baada ya miaka zaidi ya 20 ya kulala, gia zote tatu zikaitika.

Lakini ni lazima waya wa gia uwekwe sawa. Weka gia ya pili, chungulia katika kitundu cha nati ya upande wa kulia, uone kijiti kinachounganishwa na ule mnyororo mdogo kiwe sawasawa na ncha ya ekseli. Hili si jambo la kupuuza. Katika habu ya aina hii, baina ya gia ya pili na ya tatu pana mahali ambapo hapana gia kabisa. Mtu akiwa amesimama juu ya pedali anapanda mlima, waya ukawa umelegea, pedali huzunguka bure ghafula naye huanguka. Baba aliwahi kuvunjika jino kwa sababu hiyo.

Sasa yako mambo ambayo si busara kuyaacha kama zamani. Ringi za chuma zikilowa maji breki hazishiki vizuri, na baba aliishi katika zama ambazo njia ya Pangani haikuwa na magari mengi. Siku hizi zinaletwa nchini baiskeli za mtumba kutoka Japani, na nyingi zina mpira wa kipimo kile kile cha inchi 26 kwa 1⅜. Nikanunua gurudumu la mbele la baiskeli hiyo, lenye ringi ya aluminiamu na dinamo ndani ya habu yake. Ekseli yake ni nene kuliko ya Kiingereza, hivyo ilinibidi kuutanua kidogo kwa tupa mwanya wa uma. Nikafunga taa ya kisasa ambayo haitumii globu ya waya, inayotoa mwanga mwingi kwa umeme mdogo, na mipira mipya ya breki, na waya mpya. Gurudumu la nyuma sikuweza kubadilisha ringi, kwani ile ya zamani ina matundu 40 ya spoku, na zile za Japani nilizoziona zina 36. Nikaiacha, nikaisafisha na kuinyoosha.

Tandiko sikulitupa wala sikulilowesha mafuta, kwani ngozi ikilowa mafuta hulegea. Nilipaka nta kidogo kidogo chini na juu kwa wiki kadhaa, kisha nikakaza skrubu ya mbele robo mzunguko tu.

Kazi hii ilichukua miezi minne. Nakiri mbele yako, ndugu msomaji, kwamba ilipokwisha nilijiona. Nikaiegemeza uani siku ya pili ya Idi, ikimetameta, na kila aliyeingia akaisifu, nami nikawa naeleza habari ya pini na gololi kama ninavyokueleza wewe. Ndugu zangu wa kike walikuja na watoto wao kumpa mama mkono wa Idi. Mdogo wetu wa mwisho akaizunguka baiskeli, akaipiga kengele, akasema kwa sauti ya mzaha:

“Kaka, hii si ya baba hii? Haya, niambie, fungu langu mimi ni kengele au ni gurudumu?”

Wote tukacheka. Bi Mkubwa hakucheka. Aliitazama baiskeli, kisha akanitazama mimi, akaendelea kumenya machungwa.

Usiku ule sikulala. Nilikumbuka namna mirathi ya baba ilivyogawiwa mwaka 1996. Kwa wema wa Mwenyezi Mungu, nyumba na shamba la minazi viligawiwa kwa sharia. Gharama za mazishi zilitolewa kwanza, kisha madeni yakalipwa, na wasia hakuuacha. Sheikh aliyetugawia alikaa juu ya mkeka, akaifanya tirka kuwa mafungu 40. Mama, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, akapata thumni, yaani mafungu 5. Yaliyobaki 35 yakawa yetu sisi watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke: mimi mafungu 14, na kila mmoja wa ndugu zangu mafungu 7. Kila mtu aliridhika, na tukasifiwa mtaani kuwa watu wa dini.

Lakini kanzu za baba, saa yake, vitabu vyake na baiskeli yake havikuingia katika hesabu ile. Mzee mmoja wa ukoo alisema, “Vya kiume chukua wewe mwanamume,” nami nikavichukua. Hakuna aliyewauliza wanawake. Walikuwa ndani wamekaa eda na mama, na walipotoka baiskeli ilikuwa tayari yangu.

Nafsi, ndugu msomaji, ni wakili hodari. Usiku ule iliniletea hoja nne. Hoja ya kwanza: ile ilikuwa chuma chakavu, haina thamani. Ya pili: wao ni wanawake, baiskeli ya kiume wangeifanyia nini? Ya tatu: wamenyamaza miaka yote hii, na mwenye kunyamaza amekubali. Ya nne: mimi nimetumia fedha zangu na jasho langu, basi sasa ni yangu bila shaka.

Asubuhi nilizibeba hoja zote nne, nikaenda nazo kwa sheikh wetu mmoja, mtu mzima mwenye elimu na asiyependa maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanijibu moja baada ya moja.

Akasema: “Hiyo ya kwanza imekwisha kujibiwa katika Kurani. Fungua Sura ya An-Nisaa, aya ya 7. Hapo Mola amebainisha kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu, katika kilicho kidogo na katika kilicho kingi. Kidogo kimetajwa makusudi, kwa sababu Mola anatujua. Kikubwa watu hukigawa kwa kuogopa macho ya watu. Kidogo ndicho kinacholiwa.”

“Ya pili: mwenye haki haulizwi ataifanyia nini haki yake. Nawe mwenyewe hukuipanda miaka 20.

“Ya tatu: kunyamaza kwa mwanamke mbele ya kaka yake si idhini. Huenda ni haya, huenda ni kuogopa kuvunja udugu. Na wanavyuoni wetu wamesema kwamba kinachochukuliwa kwa kumtia mtu haya hukumu yake ni kama kilichochukuliwa kwa nguvu.

“Ama ya nne, hiyo ndiyo yenye hesabu. Gurudumu la mbele na taa ni vyako, kwani vinafunguka na umevinunua kwa mali yako. Lakini hizo gololi na grisi na kusugua kwako, umevitia katika chombo cha shirika bila ya kuwataka idhini washirika wako. Basi usiwatoze. Hesabu kuwa ni ihsani kwao.”

Nikamuuliza, “Basi, sheikh, niithamini kama nilivyoikuta au kama ilivyo leo?”

Akatabasamu, akaniuliza, “Ipi itakayokulaza usingizi?”

Nilimwita fundi wa baiskeli ambaye hana undugu nami wala na wao, nikampa habari kamili. Akasema kwamba kama ilivyokuwa stoo, yeye angeinunua kwa shilingi 80,000. Na kama ilivyo leo, bila gurudumu la mbele na taa, angetoa 240,000. Nataka uelewe uzito wa jambo hili kwa mtu aliyestaafu. Kwa thamani ya kwanza, ningewatolea wenzangu 52,000. Kwa ya pili, 156,000. Nafsi ikaanza tena kuniletea hoja. Nikaikumbuka ile sehemu katika habu, baina ya gia ya pili na ya tatu, ambapo mtu hudhani anasukuma na kumbe hashiki chochote. Nikachagua thamani ya pili.

Hesabu ikawa hivi: 240,000 kwa mafungu 40, kila fungu shilingi 6,000. Mama 30,000. Kila ndugu yangu 42,000. Mimi mwenyewe 84,000, ambazo zimo ndani ya baiskeli. Sheikh alinipa na nasaha moja ambayo nakupa nawe. Aliniambia: “Usiende ukawaambia, ‘Je, mnanisamehe?’ kwani ukiuliza hivyo watakusamehe kwa haya, na utakuwa umerudi pale pale. Wape fedha mkononi kwanza. Atakayetaka kukurudishia, akurudishie kesho yake, fedha zikiwa zimelala kwake.”

Nikafanya hivyo. Nilikwenda kwa kila mmoja nyumbani kwake, nikamweleza chanzo cha fedha, nikamwomba radhi pia kwa ile miaka mitatu niliyoipanda baiskeli peke yangu.

Mama alizipokea, akazifunga katika ncha ya leso yake. Baada ya siku mbili alinituma ninunue majuzuu kwa ajili ya watoto wa chuo, iwe sadaka ya baba. Hakusema neno jingine, lakini siku hiyo alinitilia wali kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo kwa umri wake halifanyi tena.

Dada yangu mkubwa alizikataa, nikamsihi azipokee. Kesho yake alimleta mjukuu wake nazo, na ujumbe kwamba amezitoa kwa hiari yake zitumike kununulia mpira wa nyuma, kwani ule niliouweka aliuona si imara. Na kweli haukuwa imara.

Mdogo wetu wa mwisho alitokwa na machozi. Akasema, “Kaka, mimi nilikuwa nikitania.”

Nikamwambia, “Ulitania, lakini ulisema kweli.”

Akazichukua, akafuta uso, akasema, “Basi kengele usiibadilishe. Nitaipiga kila nikija.”

Wa kati ndiye aliyenipa somo ambalo sitalisahau. Yeye ameolewa katika nyumba yenye dhiki, na hakuwahi kulalamika. Alizipokea, akakaa chini, akazihesabu mbele yangu noti kwa noti. Kisha akasema kwa upole kabisa, bila ya kunilaumu:

“Kaka, si fedha nyingi. Lakini katika vyote vya baba, hiki ndicho cha kwanza kuletewa bila ya kuomba.”

Maneno hayo yalinichoma. Kwani lile shamba la minazi, ambalo nimekwambia liligawiwa kwa sharia, ni mimi niliyekuwa nikisimamia uangushaji wa nazi. Fungu lake la nazi alikuwa akilipata, naam, lakini baada ya kulituma mtoto mara mbili, mara tatu, na mara nyingine yeye mwenyewe kuja kusimama mlangoni mwangu na kuanza kwa habari za hali ya hewa. Nilikuwa nikimpa haki yake kama mtu anayetoa sadaka. Sheikh aligawa kwa karatasi, na mimi nikaigeuza kwa mwenendo. Nilikwenda nikidhani naisafisha baiskeli, kumbe kutu ilikuwa mahali pengine. Tangu siku ile, nazi zikiangushwa, mafungu yao hufika kwao kabla langu halijaingia ndani.

Ndugu msomaji, baba wa nyumba au mama wa nyumba, sasa nakugeukia wewe. Inuka utazame ndani ya nyumba yako. Ile cherehani ya marehemu shangazi, ni ya nani? Yale masanduku ya kale, zile sahani za ukutani, ile saa, lile jahazi dogo au ngalawa iliyopanguka pwani, ule mlango wa nakshi uliong'olewa nyumba ya zamani ilipoanguka? Usidhani nawasema wanaume peke yao. Mara nyingi mama akifariki, mabinti hufungua kasha na kugawana dhahabu na kanga kabla ya tanga kuondoka, na watoto wa kiume hawaulizwi, kwa kuwa hivyo ni vya kike. Sharia haikusema cha kiume na cha kike. Imesema fungu, na ikasema kidogo na kingi.

Nayo dawa si ngumu. Mtu akifariki, kaeni siku moja na karatasi, muandike kila kitu mpaka ufunguo na ndoo. Visivyofaa kugawiwa vithaminini na mtu asiyekuwa na undugu. Anayekipenda kitu akichukue kwa thamani yake, iingie katika fungu lake. Anayetaka kusamehe asamehe baada ya kujua anasamehe nini. Mtoto mdogo hasamehi, wala hapana wa kumsamehea. Na ikiwa mambo yamepita zamani, kama yangu yalivyopita, usiseme wakati umekwisha. Haki ya mtu haiozi kama mpira wa baiskeli. Inakaa stoo ikimngoja mwenyewe, na ikiwa hapa haikupatikana, iko siku itapatikana, siku ambayo hakuna shilingi ya kulipia ila mema ya mtu.

Ama baiskeli, iko salama. Alhamisi mbili kila mwezi, kukiwa hakuna mvua, naipanda taratibu mpaka Tongoni, nikapumzika chini ya miti karibu na yale magofu ya msikiti wa kale, nikamwombea baba, nikarudi. Gia ya pili yanitosha njia nzima. Naipanda bila ya kuhisi kwamba kuna mtu nyuma yangu anayenidai.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, atuwezeshe kurudisha haki za watu tungali hai, na asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaosafisha vya nje na kuacha vya ndani. Amin.

Wabillahi tawfiq.